Lugha ya Kufichia

Katika nyumba ya akina Musalem, mtaa wa Patronato jijini Santiago, Kiarabu kilikuwa na kazi moja tu: kuficha mambo. Kwa Kihispania watu waligombana, walitaniana, waliombana chumvi na waliuza vitambaa dukani. Lakini mtu akifilisika, akifumaniwa au akikaribia kufa, Bibi Hilue na shangazi Nayibe walihamia papo hapo lugha ya Beit Jala, mji wa Waarabu Wakristo walikotoka wazee wao, na watoto wakabaki wametumbua macho.

Javiera alikua akitumbua macho hivyo. Alipofaulu kuingia chuo kikuu, wenzake walikimbilia sheria na udaktari, yeye akajiandikisha Kiarabu. Baba yake, Emilio, alicheka hadi akakohoa.

"Babu yako alivuka bahari mbili aisahau hiyo lugha, wewe unakwenda kuifukua?"

Javiera hakumwambia sababu, maana aliionea haya. Alitaka siku moja Bibi Hilue amgeukie mezani, mbele ya watu wote, amwambie jambo kwa Kiarabu. Hata kama ni kuagizwa sufuria. Alitaka kuhesabiwa miongoni mwa wanaojua.

Sasa alikuwa mwaka wa pili, ngazi ya kati, na mimi nasema hakuna ngazi mbaya kama hiyo. Anayeanza haelewi kitu na analala usingizi wake. Aliyebobea anaelewa yote. Huyu wa katikati anashika neno hapa na neno pale, na palipo na shimo anapajaza kwa hofu yake mwenyewe. Mwalimu wake, Bi Rima, mwanamke wa Homs mwenye sauti ya ukali na moyo laini, aliwasikilizisha mazungumzo ya redio na kuwaonya: "Msikimbize kila neno. Shika unalolijua, tulia, mengine yatakuja yenyewe."

Yalikuja kweli. Afadhali yangebaki huko yalikokuwa.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, majani ya mzabibu wa uani yangali laini. Msimu huo wanawake wa nyumba ile huizunguka meza wakifunga wali na nyama ndani ya majani, mikono imejaa mafuta hadi viwikoni, na midomo haipumziki. Mama yake Javiera, Eliana, hakuwa mezani. Eliana ni mtu wa kisiwa cha Chiloé, kusini kwenye mvua isiyokatika, na miaka yote ya ndoa yake aliishi katikati ya Kiarabu bila mtu kujisumbua kumfundisha hata salamu. Siku hiyo alikuwa dirishani akishona gauni la harusi la Karime, binti wa Nayibe. Kwa lesi na lulu hakuna fundi wa kumfikia Eliana. Hilo hata Nayibe alilikubali, na Nayibe si mtu wa kukubali kitu.

Bibi Hilue aliuliza jambo kwa Kiarabu. Nayibe akajibu bila kuinua uso. Javiera alitulia kama alivyofundishwa, akashika neno "daktari". Akashika "Fuad", na Fuad ni binamu wa baba yake, daktari aliyempima Eliana juzi kwa sababu ya uvimbe kwenye titi. Kisha "harusi". Kisha shangazi akasema "ule ugonjwa", na bibi akapiga ishara ya msalaba, punje za wali zikiwa bado vidoleni.

"Mnasema nini?" Javiera aliuliza.

"Tunasema unafunga majani kama mtu anayesokota sigara," Nayibe alijibu.

Wakacheka. Eliana naye akacheka kule dirishani, kwa sababu tu alipenda kuona watu wanacheka.

Unaweza kuuliza kwa nini hawakumwogopa msichana anayesoma Kiarabu. Walimdharau, basi. Siku alipojaribu kuomba maji kwa Kiarabu chake cha darasani, Nayibe alishika mbavu. "Nyamazeni jamani, taarifa ya habari imeanza!" Walijua kwamba mtu anayesema kama mtangazaji hawezi kusikia maneno ya jikoni. Hawakujua kwamba Bi Rima, baada ya kuchoshwa na wanafunzi wanaosoma gazeti lakini hawawezi kununua mkate, alikuwa amewapa muhula mzima wa lugha ya jikoni.

Siku iliyofuata Javiera alisubiri wenzake watoke darasani.

"Mwalimu, wazee wakisema 'ule ugonjwa', wana maana gani?"

Bi Rima alikuwa akifuta ubao. Mkono ukasimama. "Nani kasema?"

"Shangazi yangu."

"Kwetu hatuutaji jina. Tunaogopa kwamba ukiutaja umeuita. Mama yangu alikufa nao, na hakuna aliyemwambia anaumwa nini."

"Hata yeye mwenyewe?"

"Yeye hasa." Bi Rima akaendelea kufuta, ingawa ubao ulikwisha kuwa safi. "Nenda nyumbani, mwanangu."

Nyumbani kwa wazazi wake mambo yalikuwa yamebadilika, na yalibadilika kwa uzuri, jambo lililomtisha Javiera zaidi. Baba yake alianza kuosha vyombo. Emilio, ambaye hakuwahi kujua sabuni inakaa wapi!

"Huyu kafanya kosa," Eliana alisema akitabasamu. "Ana mwanamke huko nje, nakwambia. Sahani zinang'aa mno."

Javiera alimfuata baba yake jikoni. "Baba, Fuad alisema nini kuhusu mama?"

"Kasema hakuna kitu."

"Alimwambia mama, au alikwambia wewe?"

Emilio alifungulia bomba mpaka mwisho. "Kazana na masomo yako," alisema, na hakugeuka.

Jumapili iliyofuata walirudi kwa bibi. Majani, wali, mafuta. Eliana dirishani, gauni likiwa karibu kuisha, ila kila alipoinua mkono kuvuta uzi uso wake ulijikunja kidogo, kisha ukajikunjua. Nayibe alimtazama, akarudi kwenye majani yake, akasema kwa Kiarabu, waziwazi kama mtu aliye peke yake chumbani:

"Akianza matibabu sasa gauni litamaliziwa na nani? Na aje harusini nywele zimenyonyoka, watu watuseme? Fuad anasema haraka, haraka. Madaktari ndivyo walivyo. Mwezi mmoja si kitu."

Safari hii hakukuwa na shimo. Javiera alielewa kila neno, na hasira ikampanda mpaka jani likachanika mkononi mwake. Mama yake alikuwa anashonea watu furaha yao, nao walikuwa wanamhesabia uhai kwa mishono.

Bibi Hilue aliliona jani lililochanika. Macho yake yalikuwa yamezeeka, lakini hayakuwa mapumbavu. Akajifuta mikono kwa aproni, akaweka kiganja juu ya goti la mjukuu wake, akasema kwa Kiarabu, polepole:

"Binti yangu, umesikia. Usimwambie mama yako mpaka harusi ipite. Mungu akishaandika ameandika, tusivunje furaha ya watu."

Ndiyo hiyo. Ndiyo siku aliyoisubiri tangu utotoni. Bibi alimgeukia mezani, mbele ya watu, akamsemesha kama mmoja wao, na kuna kipande kidogo ndani ya Javiera kilichofurahi. Alikichukia kipande hicho, na nadhani anakichukia hadi leo.

"Ehe, profesa!" Eliana aliita kutoka dirishani, pini ikiwa mdomoni. "Leo bibi kakusemesha! Kasema nini?"

Vidole vya bibi vikabana goti.

"Kasema... kahawa imepoa."

"Ningepasha tu, mngeniambia." Eliana alilitandika gauni juu ya kiti, akaja mezani na haraka yake ya kuhudumia watu. Akashika birika la kahawa, akaliachia kwa mguno. Lilikuwa la moto wa kuunguza. Mvuke ulikuwa ukipanda mbele ya nyuso zao wote.

Akautazama mvuke. Akamtazama Nayibe, aliyekuwa akikunja jani lisilo na kitu ndani. Akautazama mkono wa mama mkwe juu ya goti la mwanawe. Watu hawa hawakuwahi kumpa maneno yao, kwa hiyo alikuwa amejifunza nyuso zao. Javiera aliuona mkono wa mama yake, ule ulioungua, ukipanda taratibu na kutua kifuani.

"Ni mimi, sivyo?"

"Eliana, mpenzi, kaa kwanza unywe..."

"Sikukuuliza wewe, Nayibe."

"Binti yangu," bibi alinong'ona kwa Kiarabu, akibana zaidi.

Javiera aliuinua mkono ule kwa heshima, akaurudisha mezani. "Mama," alianza, na neno lililofuata likamtoka kwa Kiarabu, kwa sababu ni kwa lugha hiyo alilisikia.

"Hapana," Eliana alisema. Sauti ilikuwa ndogo, haikutetemeka. "Mimi ni mama yako. Niambie kwa lugha yangu."

Javiera akamwambia, na ugonjwa akautaja kwa jina lake, jina ambalo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile kwa lugha yoyote. Bibi Hilue alifumba macho. Kule dirishani gauni la harusi, zito kwa lulu, liliteleza kutoka kitini likaanguka sakafuni. Eliana alilitazama, akaliacha palepale. Nayibe ndiye aliyekimbia kuliokota, mikono yake ikiwa imejaa mafuta.