Mama Vyanzo na Karatasi ya Kitunguu

Pale chuoni walimwita Mama Vyanzo, na jina lenyewe hakulichukia hata kidogo. Alikuwa mkutubi, mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Kupanga vitabu kwenye rafu alikuweza, lakini kazi iliyompa usingizi mzuri ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wapya namna ya kutafuta habari na kuzipima kabla ya kuziamini. Ukimwambia mvua inakuja, anakuuliza, "Chanzo chako kiko wapi?" Ukimwambia fulani kaoa, anataka kujua nani kasema, lini, na yeye kaambiwa na nani. Mumewe, fundi cherehani, alishazoea. Akimwita mezani na kuulizwa chakula kimeiva kwa ushahidi gani, anajibu, "Kwa ushahidi wa pua, mama watoto. Njoo tule."

Sasa Mama Vyanzo alikuwa na mtego wake. Kila mwaka, wanafunzi wapya wakija kwa somo la maktaba, anawagawia karatasi moja ya uongo aliyoitunga mwenyewe. Huwaambia tu, "Kasomeni hii, wiki ijayo mje mnieleze." Wiki inayofuata wanakuja wameikariri, wanaieleza kwa madaha, na yeye anawaacha mpaka wafike mwisho. Ndipo anapouliza, "Mwandishi ni nani? Utafiti ulifanywa wapi?" Darasa zima linaganda. Kisha anacheka, nao wanacheka, na somo linaingia. Watu waliomaliza chuo zamani walikuwa wakikutana naye sokoni wanamwambia, "Mama, ile karatasi yako sijaisahau." Akawa anaona fahari.

Mwaka ninaousimulia, karatasi ilisema hivi: wataalamu wamegundua kwamba mtu akilala na kitunguu kilichokatwa chini ya mto, harufu yake huamsha kumbukumbu zilizopotea. Aliiandika vizuri mno, ikawa na asilimia na maneno ya kitaalamu. Na ili ipendeze zaidi, akaigonga muhuri wa maktaba.

Wiki iliyofuata akauliza nani aanze. Akasimama binti mmoja wa darasa la uuguzi, mpole, mwenye kawaida ya kukaa mbele na kuandika kila neno. Akaeleza karatasi yote bila kuangalia chini. Alipomaliza, hakukaa. Akasema, "Na mimi nimejaribu, mama. Nimelala nacho tangu siku ile."

Jamani, darasa lilivyolipuka! Kuna waliolala juu ya meza kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Ndiyo maana chumba chenu kinanuka kachumbari!" Mwingine akadakia, "Muulizeni kama amekumbuka siku aliyozaliwa!" Na Mama Vyanzo, ambaye alipaswa kuwanyamazisha, alikuwa ameshika kiuno, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akauliza maswali yake ya siku zote: mwandishi ni nani, utafiti ulifanywa wapi. Binti akaangalia ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Akakaa.

Laiti yangeishia hapo! Lakini kisa kitamu hakikai mdomoni. Mama Vyanzo alimsimulia mumewe, wakacheka wote wawili. Akawasimulia wenzake wa kaunta. Mbaya zaidi, akakipeleka kwenye madarasa mengine kama mfano: "Mwaka huu nina mmoja alilala na kitunguu, nyie mnacheza!" Hakutaja jina, ni kweli. Lakini chuo ni kama chungu chenye tundu. Haukupita muda, binti wa watu akawa anaitwa Kitunguu, kuanzia bwenini hadi kwenye foleni ya chakula.

Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni pale mkufunzi wa uuguzi alipokuja maktaba, akajiegemeza kwenye kaunta.

"Mama Vyanzo, wewe si ndiye unayewafundisha hawa kutafuta makala? Nina mwanafunzi kaniletea kazi ya kurasa kibao kuhusu kuwatunza wazee, haina chanzo hata kimoja. Asipoirekebisha, haendi hospitali kwa mafunzo ya vitendo na wenzake."

"Mlete kwangu. Tutakaa naye."

"Nimemwambia. Akasema afadhali afungashe arudi kwao kuliko kukanyaga humu ndani."

"Kwani humu kuna nini?"

"Mimi nitajuaje? Ni yule wanayemwita Kitunguu."

Mkono wa Mama Vyanzo ulikuwa juu ya rundo la vitabu. Ukabaki hapohapo. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona yule binti kwenye meza yoyote ya maktaba, akakosa. Tangu siku ile ya kicheko, mwanafunzi aliyekuwa akikaa mbele hakuwa ameingia tena, na yeye, mwenye macho ya kuona kitabu kilichorudishwa rafu isiyo yake, hakuwa ameona pengo la mtu.

Alimwomba mwenzake ashike kaunta, akaenda bwenini. Akamkuta binti nyuma ya jengo, anaanika nguo, beseni liko miguuni. Binti alimwona, akaendelea kukung'uta shuka. Hata salamu hakutoa.

"Mwanangu, nimekuja tuongee," Mama Vyanzo akaanza. "Nasikia unataka kuondoka."

"Nani kakwambia? Chanzo chako kiko wapi?"

Lile swali lilikuwa lake mwenyewe, na siku hiyo alilisikia lilivyo likitoka kinywani kwa mtu mwingine.

"Kama ni ile siku ya darasani, ulikuwa mchezo tu. Kila mwaka wananaswa. Hata wewe ukija kuwa mkubwa utacheka."

Binti akabana shuka kwa kibanio, halafu akageuka.

"Karatasi ulinipa wewe, mama. Kwa mkono wako. Ina muhuri wa maktaba. Ulitaka nisimwamini nani?"



"Na sikulala nacho kwa ajili ya mtihani," binti akaendelea, sauti sasa imeshuka. "Baba yangu anasahau. Alianza na funguo, sasa anasahau watu. Likizo iliyopita aliniuliza mimi ni mgeni wa nani. Niliposoma karatasi yako nilijaribu mwenyewe kwanza, nione kama kina madhara. Halafu nikampigia mama. Anamkatia baba kitunguu kila jioni mpaka leo."

"Mpaka leo? Hujamwambia?"

"Nimwambieje? Kwetu wanasema, mtoto wetu yuko chuo, anajua. Nipige simu niseme mwanao kadanganywa na chuo kizima kimemcheka?"

Mama Vyanzo alitazama zile nguo zikidondosha maji, akatamani ardhi ipasuke. Aliona vicheko vyake vyote kwa mpigo: cha darasani, cha nyumbani, cha kaunta, na kile cha madarasa mengine ambako hata hakuwa ameombwa mfano.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

"Nimesikia," binti akajibu.

Akainama kuchukua nguo nyingine. Mama Vyanzo angeweza kuondoka. Neno la samahani alishalitoa. Badala yake akainama naye, akashika upande wa pili wa blanketi zito, wakalikamua pamoja.

"Mama yako nitampigia mimi," akasema. "Uongo ni wangu, si wako. Ila nisingependa kumpokonya kitu nikamwachia mikono mitupu. Njoo kwanza tutafute kilicho cha kweli. Usipotaka kukaa karibu nami, kaa mbali, nitakupazia sauti. Sauti ninayo."

Binti hakucheka. Lakini blanketi lilipokwisha kuanikwa, alijifuta mikono akamfuata.

Wakakaa kwenye chumba kidogo cha kompyuta, mlango umefungwa. Mara hii Mama Vyanzo hakutega. Kila makala iliyotokea, binti aliuliza kwa ukali, "Na hii nani kaandika?" naye alimwonyesha. "Kazi yake nini? Nani kampa fedha za utafiti? Wengine wanasemaje?" Pale asipojua, Mama Vyanzo alisema sijui, wakatafuta pamoja. Baadhi walizitupa. Nyingine zilizungukazunguka bila kujibu swali. Moja, iliyoandikwa na madaktari wa wazee, ilisema wazi kwamba kwa maradhi ya namna ile haijapatikana harufu wala chakula cha kurudisha kilichopotea. Kisha ikaeleza yanayompunguzia mgonjwa hofu, na yanayompunguzia uchovu anayemtunza. Binti aliisoma mara mbili. Akaandika majina ya waandishi kwenye kazi yake, mwandiko wake ukiwa umebana.

Ndipo binti akapiga simu nyumbani, akaiweka kwenye spika, akaisukuma mezani.

"Mama, nipo na mkutubi wetu. Anataka kuongea na wewe."

"Eeh! Ndiye mwalimu wenu?" Sauti ya mwanamke ilijaa chumba, ina furaha. "Dada yangu, Mungu akubariki. Ile dawa ya kitunguu mliyompa mwanangu, nakwambia, juzi mzee kaniita kwa jina langu! Muda mrefu sijalisikia."

Mama Vyanzo akamwangalia binti. Binti aliangalia meza. Lingekuwa jambo rahisi kusema asante dada, na kukata.

"Dada," akasema, "kile kitunguu si dawa. Ni uongo. Niliutunga mimi kuwafundisha wanafunzi wasiamini kila wanachosoma. Mwanao aliniamini kwa sababu nilimpa kwa muhuri. Na alipoamini, nilimcheka."

Huko upande wa pili zikasikika sufuria, na mwanamume anauliza kitu kwa mbali.

"Ulimcheka," yule mama akarudia.

"Ndiyo, dada."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Na jina langu, je? Aliniita kabisa. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Hilo sikupingi. Alikuita. Ila si kitunguu kilichomfanya akuite."

Mama Vyanzo alijiandaa kutukanwa, na kwa kweli angepata nafuu kutukanwa. Lakini sauti ilipokuja ilikuwa imechoka tu.

"Mwanangu, upo hapo?"

"Nipo, mama."

"Haya. Mna kitu cha kweli chochote, au mmenipigia kunivunja moyo tu?"

"Tunacho," binti akasema. "Nimekikagua mwenyewe."

"Basi huyo dada anisomee. Polepole. Na asinitie Kizungu."

Mama Vyanzo akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta. Akaanza kugeuza yale maneno ya madaktari kuwa maneno ya jikoni: usibishane naye anapokosea, mwite kwa jina lake kabla ya kumgusa, vitu vyake vikae palepale siku zote. Mahali pamoja aliruka sentensi ngumu, ile ya kwamba haijapatikana harufu wala chakula cha kurudisha kilichopotea, na kidole cha binti kikagonga kioo.

"Umeacha hapo, mama. Soma yote."

Akarudi nyuma, akasoma yote.