Aliyeachwa Kwenye Jiwe

Mlinzi wa shule yetu aliandika barua ya kuacha kazi kwa sababu ya watoto wa darasa langu. Ilikuwa miaka ya ruksa, ya awamu ya pili, nami nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi tu, nimepangiwa shule ya msingi huko Mlali, upande wa Kongwa. Nilikwenda na viatu vya mtumba vilivyonibana na imani kubwa katika fimbo.

Mlinzi huyo aliwahi kuwa mgambo. Alichukuliwa kijijini kwenda vita vya Uganda, akarudi na mguu wa kushoto ulioharibiwa na bomu la kutegwa ardhini. Ndiye aliyefungua geti, ndiye aliyegonga kengele yetu, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nyuma ya ofisi. Watoto wangu wa darasa la tatu walimfuata nyuma wakati wa mapumziko, wamejipanga mstari, wote wakichechemea kama yeye. Na hao hao, kwenye mchakamchaka wa asubuhi, walikuwa wakiimba nyimbo za ushindi wa vita vile vile mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Nilipojua, niliwachapa darasa zima. Wakaacha kuchechemea mbele yangu, wakahamia nyuma ya vyoo.

Ilipokaribia siku ya Mashujaa, mwalimu mkuu alitusomea ile barua ofisini. Mlinzi aliomba kuondoka mwisho wa muhula, akalime. Hakuwataja watoto, lakini wote tulijua. Nilikasirika, na kusema kweli nilimkasirikia yeye, kana kwamba amenishtaki.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo aliyefundisha kila kitu kwa michezo, hata kujumlisha, alinishika mkono tulipotoka nje.

"Mwanangu, kesho niachie kipindi chako kimoja."

"Utawafundisha nini, mama?"

"Nitacheza nao kombolela."

Nilicheka. Hakucheka. "Wewe umeshawachapa," akasema. "Wameacha?"

Nikamwachia kwa shingo upande.

Kesho yake aliwatoa uwanjani. Kombolela waliijua vizuri: mmoja analinda kopo na kuwatafuta waliojificha, anaowaona wanakuwa mateka, mpaka atokee mtu mafichoni, akimbie mbele ya macho ya watu, alipige teke kopo na kuwafungua wote. Mama yule aliongeza sheria moja tu. Anayewafungua wenzake amejeruhiwa, kwa hiyo atakaa kwenye jiwe lililokuwa karibu na geti, na hatainuka mpaka kila aliyefunguliwa aje kumpa mkono na kumwamkia shikamoo. Watoto wakaangua kicheko kusikia watamwamkia mwenzao.

Karibu darasa zima lilikuwa limeshikwa alipochomoka binti mmoja mdogo, mpole, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwinua kujibu swali. Alikimbia kwa nguvu zake zote, akalirusha kopo mbali. Uwanja ukalipuka kwa kelele, mateka wakatawanyika kwenda kujificha upya. Binti akaenda kukaa kwenye jiwe, akihema, akitabasamu, akisubiri.

Hakuja mtu. Mchezo ulikuwa mtamu mno. Waliitana, walisukumana, walianza duru nyingine, na binti alibaki pale tabasamu likimwisha kidogo kidogo. Nilimgeukia mama yule nikiwa na maneno yangu tayari, na nakiri kwamba nilifurahi kuona ameshindwa. Akaniashiria ninyamaze.

Mlinzi alikuwa ameyaona yote kutoka getini. Alikuja akiuburuta mguu, akajishusha taratibu kwenye jiwe, kando ya binti.

"Wamekusahau?"

"Ndiyo, babu. Na sheria inasema nisiondoke."

"Basi tusubiri wote," akasema. "Mimi nimezoea."

Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtu aliyekuwa na haki ya kuwachukia watoto wale alikuwa amekuja kumliwaza mmoja wao. Sijawahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi yeye wakati ule.

Mama yule hakupuliza filimbi wala hakuita mtu. Mtoto mmoja alichungulia kutoka nyuma ya ukuta, akawaona wawili wale wamekaa jiweni, akasimama. Akamwita mwenzake. Kelele zikapungua, kisha zikaisha. Wakaja mmoja mmoja, vichwa chini, wakampa binti mkono na kumwamkia, na safari hii hakuna aliyecheka. Wa kwanza alipomaliza, akabaki amesimama mbele ya mlinzi, hajui afanye nini. Halafu akanyoosha mkono.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Waliofuata wakafanya vivyo hivyo. Mstari ulikuwa mrefu. Nilimtazama akiitikia kila mmoja kwa sauti ile ile, na nikakumbuka kwamba mimi, mwenye umri wa binti yake, nilikuwa nikimpita getini kila asubuhi na kumtupia "habari za kazi" kwa sababu mimi ni mwalimu na yeye ni mlinzi. Nikaenda kusimama nyuma ya watoto. Nilipomfikia nilishindwa kumtazama usoni. Akaniitikia kama alivyowaitikia wao, akaniita mjukuu vilevile.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini akiwa amekunja uso. Muda wa mapumziko ulikuwa umepita na kengele haikugongwa.

"Mzee, leo kulikoni?"

Mlinzi alijiinua kwa kumshika binti bega, akajikung'uta vumbi. "Samahani, mwalimu mkuu, nilikuwa na wageni." Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye kengele, akasimama. "Na ile barua yangu, kama hujaipeleka wilayani, naiomba."