Treni ya Pili Kuingia Mpanda

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024. Jua lilitoka mapema lakini lilikuwa la kutazama tu. Upepo wa Ufipa ulivuma tangu alfajiri, mkavu na wa baridi, na mjini Sumbawanga watu walitembea wamejikunyata ndani ya makoti, mikono kwapani.

Siku hiyo Huseni, mwenye duka la vipuri na malori matatu ya Fuso, alikuwa amepewa kazi moja tu, nayo ilikuwa kunyamaza. Watu walikuwa wanakuja kumposa binti yake Hasna. Katika ukoo wao posa hupokelewa na baba mdogo. Baba mzazi hukaa chumba cha ndani, hakohoi wala hachungulii, asije akaonekana ana haraka ya kumtoa mtoto. Wageni huleta barua, hula, hushukuru, huambiwa watajibiwa, huondoka. Baba mzazi hutoka chumbani magari yakishaondoka. Hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo, na ndugu yake Sadick, ambaye ndiye angewapokea wageni, alimwambia hivyo mara kadhaa tangu asubuhi.

Sadick alikuwa na sababu ya kurudiarudia. Huseni alikuwa mtu mpole, mkimya, asiyegombana na mteja wala jirani, ila alikuwa na udhaifu mmoja: alipenda vichwa vya treni. Hakupenda treni zote. Treni ya abiria hakuijali, aliona ina watu wengi mno wanaopunga mikono na kuharibu picha. Alichopenda ni vichwa vya zamani vya dizeli vilivyokuwa vikivuta mabehewa ya mizigo, vile vizito, vyenye moshi mweusi, ambavyo vingi sasa vimelala kwenye nyasi pembeni ya stesheni vikingoja kukatwa chuma chakavu. Alianza kuvipiga picha akiwa mwanafunzi wa bweni Tabora, kwa kamera aliyoachiwa na mjomba wake, na hakuacha tena. Kila alipopata nafasi alikwenda Mpanda, au Tunduma, akakaa juu ya jiwe karibu na reli akingoja. Akirudi anajua namba ya kila kichwa, siku kilipopita na kilivuta nini.

Sumbawanga haina reli. Haijapata kuwa nayo. Na Huseni alikuwa mtu wa malori, ambaye reli ikifika mjini kwake leo, kesho yake Fuso zake zitabeba mchanga. Watu walishindwa kumwelewa. Gaudensi, mkulima wa Mollo ambaye mahindi yake yalisafirishwa na Huseni kila mwaka, hakupitisha msimu bila kumchokoza.

"Huseni, haya matreni yako yanashushia wapi mzigo?"

"Hayashushi. Yalishakufa."

"Kumbe umetundika makaburi ukutani. Mimi mahindi yangu yaendelee na lori tu."

Mkewe, Mwanamvua, alikuwa amezoea. Hakukataza picha ndani ya nyumba, ila kwa siku hiyo moja alikataza sebule. Wageni watakaa pale, alisema, na hataki washenga wadhani wameingia karakana. Huseni akatii. Alishusha picha zote za sebuleni isipokuwa moja, ile iliyokuwa juu ya kabati la vyombo, kwa sababu, alivyojieleza, ukutani pangebaki alama ya weupe. Alama za weupe zilikuwa kumi na moja tayari.

Picha aliyoiacha ilikuwa ya thamani kwake kuliko zote. Ilipigwa Mpanda, mwaka ule mvua iliposomba tuta la reli na mji ukakaa muda mrefu bila treni. Unga uliadimika, mafuta ya taa yakaadimika, saruji ikawa hadithi. Reli ilipotengenezwa, watu walijaa stesheni kuipokea treni ya kwanza ya mizigo. Huseni alikuwa miongoni mwao na kamera yake. Katika picha kichwa kinaingia, namba yake inasomeka wazi, umati uko pande zote mbili, na dirishani mwa dereva unaonekana mkono tu, umekunjwa juu ya kizingiti cha dirisha.

Muoaji aliitwa Faruk, afisa kilimo wa Matai, kijana wa watu wa Mpanda. Baba yake alikuwa Mzee Mboje, dereva wa treni mstaafu. Hilo Huseni alilijua, na lilikuwa limemnyima usingizi kwa furaha, lakini alijua pia kwamba baba wa muoaji haji kwenye posa. Hutuma washenga. Ndiyo maana hakuna aliyejiandaa gari lilipofika na akashuka, nyuma ya washenga wawili, mzee mrefu mwenye fimbo, akichechemea.

"Mimi simo kwenye msafara," Mzee Mboje alimwambia Sadick mlangoni. "Nimekuja mjini kwa daktari wa goti. Nimeona niwasalimie tu."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na daktari wa goti hakuwepo mjini wiki nzima, lakini Sadick alimkaribisha. Baadaye Faruk mwenyewe alikiri kwamba baba yake alisikia habari za nyumba yenye picha za vichwa vya treni, na tangu hapo goti likaanza kumsumbua.

Mambo yalikwenda vizuri. Mshenga mkuu, mjomba wake Faruk, aliweka barua juu ya sinia. Sadick aliipokea kwa maneno ya kistaarabu. Pilau ikaletwa. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani Huseni alikaa kitandani, mikono magotini, akiwa ametimiza nusu ya kazi yake.

Ndipo akaisikia sauti ya Mzee Mboje ikitokea upande wa kabati la vyombo.

"Mkono ule ni wangu."

Sebuleni wote wakamgeukia.

"Hii ndiyo siku niliyofungua njia. Mpanda hakuna unga, hakuna mafuta. Nikaingiza kichwa hiki, mabehewa yamejaa nyuma. Watu walilia. Mpaka leo pale kwetu hawaniiti Mboje, wananiita Mfungua Njia."

"Anaitwa hivyo kweli," mshenga mkuu aliwaambia wenyeji, kwa fahari.

Nyuma ya pazia Huseni alifurahi kwanza, halafu akakunja uso. Alijikaza. Alitazama dari, akatazama kandambili zake. Kwa ajili ya binti yake asingeweza kutoka, maana desturi haikumruhusu. Kwa ajili ya namba ya kichwa cha treni, alifunua pazia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye picha?"

"Ndiye mimi. Samahani mzee wangu, hii si treni yako."

Sadick alikohoa kwa nguvu. Huseni hata hakugeuka.

"Si yangu kivipi?" aliuliza Mzee Mboje.

"Hii aliileta bwana mmoja mnene, mtu wa Urambo. Nilizungumza naye akishuka, akanipa kipande cha muwa. Wewe uliingia na treni ya pili, kesho yake. Ninayo pia. Subiri nikuletee."

Aliingia ndani akarudi na picha nyingine, uso umemng'aa kama mwenyeji anayeongeza nyama kwenye sahani ya mgeni. Akaiweka mezani, kando ya pilau. Kilikuwa kichwa kingine, namba nyingine. Dirishani alionekana Mzee Mboje mwenyewe, uso mzima, masharubu meusi, hata kifungo cha shati kilihesabika. Umati haukuwepo. Kulikuwa na mtu mmoja aliyelala juu ya gunia, na mbuzi wawili, mmoja ameipa treni mgongo.

"Tazama ulivyotoka vizuri," Huseni alisema. "Katika zote za mwaka ule hii ndiyo safi zaidi."

Alikuwa anasema kweli, na alidhani anatoa zawadi. Mzee Mboje aliitazama picha kwa muda, kisha akaegemea fimbo yake na kuangalia mlango. Mshenga wa pili, ambaye hakuwa amesema lolote tangu afike, alikuwa anawatazama wale mbuzi.

Mshenga mkuu akanyoosha mkono, akaichukua barua yake juu ya sinia.

"Ndugu zetu, mtatuwia radhi. Nadhani humu kuna jina limekosewa. Tutakwenda kulirekebisha."

"Jina gani?" aliuliza Sadick.

"Tutaliona tukifika."

Wakaaga kwa adabu zote. Pilau ilibaki nusu.

"Kaka," Sadick alisema gari lilipokata kona, "nilikupa kazi gani leo?"

"Lakini alichosema mzee si kweli, Sadick. Namba inaonekana."

"Sikukuuliza namba. Nimekuuliza kazi."

Mwanamvua alikuwa anakusanya sahani. "Mwacheni. Miaka thelathini nimeishi na huyu. Nikibadilisha kitambaa hajui, nikisuka hajui. Kichwa cha treni kikipakwa rangi upya Mpanda, yeye huku Sumbawanga anajua."

Hasna aliingia kutoka jikoni, simu mkononi. Hakuwa analia, na hilo lilimtisha baba yake zaidi.

"Faruk amepiga. Mzee wake amesema harudi kwenye nyumba alimoumbuliwa mbele ya mashahidi, na barua hairudi mpaka arudi yeye."

"Mimi sikumuumbua. Nimemwonyesha picha yake."

"Ya mbuzi."

"Mbuzi walikuwepo, mwanangu."

"Baba, nani amesema hawakuwepo?" Hasna alivuta kiti akakaa mbele yake. "Yule mzee ana goti bovu na lile jina. Basi. Hana kingine. Toka mimi nanyonya watu wanamwita hivyo, wewe umemvua kabla hajanawa mikono. Nimemngoja Faruk miaka minne, akahamishiwa mbali, akarudishwa, akajenga. Leo imefika barua mezani. Nani aliyetoka chumbani?"

Huseni aliinua mkono kidogo, kama mwanafunzi. Ni mtu anayeheshimu swali lenye jibu moja.

Jioni ile aliketi sebuleni peke yake na picha zote mbili. Aliwaza kuikata namba kwa wembe, akaona aibu hata kuwaza. Aliwaza kupiga simu kuomba radhi, lakini hakuona aombe radhi kwa lipi, maana kila alichosema kilikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Kuomba radhi kwa kusema uongo ni rahisi, mtu husema nilikosea. Yeye hakuwa amekosea popote. Mwanamvua alipomwita kula alisema ameshiba, na ilikuwa mara ya kwanza Hasna kumsikia baba yake akisema jambo lisilo sahihi.

Asubuhi iliyofuata, kabla hakujapambazuka vizuri, Huseni alipanda moja ya Fuso zake iliyokuwa inapeleka mahindi Mpanda. Alikaa kushoto kwa dereva, picha ya treni ya kwanza magotini ndani ya fremu yake, imefungwa kwa kanga ya Mwanamvua. Ile ya pili aliitia kwenye bahasha ndani ya koti. Safari nzima alizungumza na dereva habari za matairi.

Alimkuta Mzee Mboje barazani kwake, amenyoosha goti juani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee alitazama kanga. "Umeleta namba zingine?"

"Hapana. Nimeleta picha, ikae kwako. Mkanda wake wa filamu ulishaoza, hakuna nyingine duniani. Na nimekuja kuomba unisimulie ile safari. Jana sikukusikiliza."

Mzee Mboje alimtazama kwa muda kama anayepima breki. Kisha akasimulia. Alianza na mvua, akaja kwenye tuta lililosombwa, mafundi waliolala porini, taa za stesheni, umati, akina mama waliolia. Alisimulia vizuri kuliko picha. Kila palipokuwa na kosa Huseni alilihisi kooni kama mwiba wa samaki, na kila mara alisema "Naam." Walipofika kwenye mkono dirishani alisema "Naam" mara mbili.

Jirani mmoja, mama aliyekuwa anapita na ndoo, alisimama akaichungulia ile fremu.

"Hiyo ndiyo siku yenyewe, Mfungua Njia?" Akamgeukia Huseni. "Na wewe baba ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," Huseni alisema. "Picha nimepiga mwenyewe."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na ushahidi wake. Mzee Mboje alingoja mpaka alipokata kona.

"Ile nyingine unayo?"

"Ninayo."

"Lete." Aliipokea, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaitazama sana. "Sina picha nyingine ya masharubu yale," alisema hatimaye, akaificha chini ya mto wa kiti. "Yule wa Urambo kweli alikuwa mnene. Alikuwa anakula muwa hata kwenye mteremko."

Huseni alifungua mdomo, akaufunga.

"Barua itakuja Jumamosi," Mzee Mboje alisema. "Jina limeshaonekana. Safari hii mimi siji, goti limepona. Na wewe?"

"Mimi nitakuwa chumbani."

Halafu akaomba nyundo, akaingia sebuleni kwa mzee, akachagua ukuta usiopigwa na jua, akapigilia msumari.