Bibi Mchekeshaji wa Ghorofa ya Tatu

Nakumbuka asubuhi moja ya Februari, mwanangu, theluji imefika magotini, nami nina miaka ishirini na minne. Nilikuwa mgeni bado hapa Stockholm, nimetoka Burundi si zamani, nimepata kazi ya hemtjänst, ya kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia uji, kuwapa dawa. Kiswidi nilikijua kidogo, lakini ujuaji nilikuwa nao tele. Ujana huo!

Siku hiyo nilipangiwa bibi mmoja, jina lake Signe, wa miaka themanini na minane, aliyeishi peke yake ghorofa ya tatu. Nikiwa namfunga kamba za viatu akasema, "Mimi nilikuwa naanguka kutoka paani. Mara tatu kwa siku, na nikilipwa."

Nikamwitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto mdogo. Kisha nikaandika katika daftari la zamu: bibi amechanganyikiwa. Maneno mawili tu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya wiki mbili nikasikia ofisini kuwa manispaa inataka kumhamishia kwenye makao ya wazee waliopoteza kumbukumbu.

Nilimsimulia Mama Solange, Mkongomani aliyeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Nilisimulia huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Écoute, sikiliza, binti yangu. Ulimwuliza alianguka kutoka paa gani?"

"Sikumwuliza, mama."

"Nani alikuwa anamlipa?"

"Hata hilo sikuuliza."

"Sasa aliyechanganyikiwa ni nani? Mtu mzima anakufungulia mlango wa maisha yake, wewe unaandika kwamba ndani hamna kitu."

Kesho yake nikaenda kwa Signe, nikaketi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikauliza. Akatoa bahasha ya picha kabatini. Msichana miguu juu, kichwa ndani ya pipa la unga, na pembeni mwanamume anazungusha kamera kwa mkono. Ndiye yeye! Enzi hizo filamu hazikuwa na sauti, watu walichekeshwa kwa mwili. Mama yake alikuwa dobi, Signe alipeleka nguo kwa watu wa filamu, akateleza ngazini na kikapu chake, na mwongozaji akaangua kicheko: "Teleza tena!" Akateleza miaka tisa.

"Hukuumia?"

"Kila siku. Siri iko usoni. Mwili unaanguka, uso unashangaa kwa nini."

"Mbona uliacha?"

Filamu zilianza kusema, na sauti yake ilikuwa nzito. Wakasema haimfai msichana. Miaka iliyobaki aliwakatia watu tiketi mlangoni mwa sinema, akisikia watu ndani wakiwachekea wengine.

"Uliwaonea wivu?"

"Mwanzoni. Baadaye nikajifunza kutambua kwa kicheko tu nani ameanguka vizuri."

Siku hiyohiyo nilimwendea mkuu wangu, nikamwambia nimeandika uongo bila kujua. Akashika simu. Manispaa ikatuma mtu wa kumpima akili. Signe akamwonyesha picha, akamjibu kila swali. Alibaki nyumbani kwake, akafia kitandani pake baada ya miaka miwili. Nilimwuliza mengi katika miaka hiyo, lakini siku ya mazishi nikagundua sikuwahi kumwuliza mama yake alijisikiaje kumwona akianguka. Mpaka leo natamani kujua.

Mwanangu, asiyekujua hakuthamini, na kujua huanza kwa kuuliza. Ninyi mliozaliwa huku, mnaotujibu Kiswidi tukiwasemesha Kiswahili, ulizeni hata kwa Kiswidi hichohicho. Kabla hujasema mtu amerukwa na akili, mwulize ilikuwa wapi, na alikuwa na nani. Na ukikosea, rudi ukaseme kwa kinywa chako kwamba umekosea, hata kama unahofia mkate wako.

Mungu akupe sikio lenye subira na ulimi mwepesi wa kutubu. Akuwekee wazee wa kuzungumza nao, nawe ukifika umri wetu, asikose mtu wa kuvuta kiti karibu yako. Amina.