Krismasi ya Mama Kesho

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika mtaani. Wateja walimwita Mama Kesho, na hawakumsingizia. Ukienda kuulizia gauni lako, atainua uso kutoka kwenye cherehani, atatabasamu kama mtu mwenye habari njema, kisha atakuambia njoo kesho. Ukija kesho, ni kesho. Mwongo hakuwa. Shida yake ni kwamba hakujua kukataa kazi. Mtu akimletea kitambaa saa ya mwisho huku akilia, yeye alikipokea, na kilio kikahamia kwake.

Sasa fundi wa namna hiyo mpe mwezi wa Desemba uone. Chumba chake cha kazi, ambacho ndicho sebule, kilijaa vitambaa mpaka kwenye viti, na mgeni akitaka kukaa ilibidi kwanza ahamishe suruali za watu. Miguu ilimvimba kwa kukanyaga cherehani. Sikukuu ikifika, mtaa mzima ulikwenda kanisani umevaa kazi ya mikono yake, naye yuko chali kitandani, hana nguvu hata ya kuvua viatu. Nyimbo alizisikilizia dirishani. Kusema kweli, Krismasi alikuwa ameichukia. Aliiona kama mteja mkorofi asiyechelewa hata siku moja, anayekuja kudai chake papo hapo.

Alikuwa na binti mmoja. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori, na sikukuu zilimkuta barabarani. Kila mwaka binti aliomba gauni la Krismasi, na kila mwaka mama alimpa jibu unalolijua. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini kuhusu mtoto wa kinyozi hawakusema lolote.

Mwaka huu binti hakuomba. Siku chache kabla ya sikukuu alikuwa akiokota pini sakafuni kwa sumaku, kazi yake ya kila jioni, akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, Krismasi naenda kwa shangazi. Atanifuata siku ya mkesha, jioni."

"Kwa shangazi kuna nini?"

"Kuna Krismasi."

Hakusema kwa ubaya. Angekuwa na hasira, mama angejua pa kuanzia, angegomba au angebembeleza. Lakini ile ilikuwa sauti ya mteja aliyekata tamaa, aliyekuja kuchukua kitambaa chake ampelekee fundi mwingine. Mama aliukata uzi kwa meno, akajiambia kwamba mtoto huyu akienda mwaka huu, mwakani hataaga.

Kabatini kilikuwamo kitambaa cha njano alichomnunulia binti zamani, kikisubiri nafasi. Mchana wa mkesha, mteja wa mwisho alipoondoka na furushi lake, na binti amekwenda kusukwa nywele kwa jirani, mama alifunga mlango akakitandaza kitambaa mezani. Tepu ya kupimia ilikuwa ikining'inia shingoni mwake kama siku zote. Hakuigusa. Mtaa mzima aliupima, kiuno kwa kiuno, lakini mtoto aliyemzaa mwenyewe wa kumpimia nini? Si anamjua? Akakata kwa macho, akashona mbio mbio, kola, zipu ya mgongoni, upindo mwembamba maana kitambaa kiliishia hapo. Alijikuta akiimba.

Binti aliporudi alinyoosha mikono juu, akavishwa. Gauni lilipita kichwani, likagoma mabegani. Mama akalivuta. Likashuka kwa taabu, zipu ikakwama katikati, na upindo ukaishia juu kabisa ya magoti. Binti alijitazama kwenye kioo cha wateja.

"Mama, hili ni la nani?"

Mtoto ambaye mama alimkatia gauni lile hakuwapo tena. Alikuwa ameondoka polepole, kati ya kesho na kesho, mama yake akiwa ameinamia magauni ya watu.

"Usijali, mama," binti alisema akilivua. "Utashona kesho." Akaenda chumbani kufunga mkoba wake.

Mama alikaa sakafuni. Kitambaa kimekwisha, maduka yamefungwa, jua linazama na shangazi mtu yuko njiani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akalia kile kilio cha watu wazima kisicho na sauti, akijifuta kwa gauni lenyewe. Alitaka kumwomba Mungu akaona haya, maana hata kanisani alikuwa ameahidi kwenda kesho.

Alipojiegemeza kwenye meza, mgongo wake uligusa gunia la mabaki ya vitambaa. Ndipo akamkumbuka mama yake marehemu, naye fundi, aliyemshonea gauni moja tu la Krismasi katika utoto wake wote. Moja! Kila mwaka lilipomkataa, mama yake alimwaga gunia sakafuni akamwambia, chagua. Kipande cha upindo, vipande vya ubavuni, na gauni likakua pamoja naye. Wenzake waliovaa mapya hakuwahi kuwaonea wivu. Kule kuchagua ndiko kulikuwa Krismasi yenyewe, kanisani walikwenda kuimalizia tu. Aliwezaje kusahau kitu kama hicho?

Akaliburuta gunia, akaligeuza juu chini. Vipande vikafunika sakafu.

"Njoo uchague!" akaita.

Binti akatokea, mkoba begani. "Nichague nini?"

"Vya kuongezea. Chini na ubavuni."

"Viraka? Mama, watanicheka."

"Watanicheka mimi niliyeshona. Wewe chagua."

Binti alisimama tu. Kisha mkoba ukateremshwa karibu na mlango, na kidole cha mguu kikasukuma kipande cha bluu.

"Hiki si cha yule bibi harusi aliyenenepa?"

"Huyo huyo. Kila wiki namfumulia. Nikamwambia, mwanangu, ama uache kula ama uache kuolewa."

Binti akacheka bila kupenda, akapiga magoti. "Na hiki chekundu cha mwalimu wa kwaya. Hiki cha yule baba aliyekataa kupimwa tumbo." Alivijua vyote. Miaka yote akiokota pini chini ya meza, kumbe alikuwa akiona na kusikia kila kitu. Akavitenga cha bluu na chekundu, akavirudisha, akavichukua tena.

Safari hii mama aliivua tepu shingoni. Akampima mabega, kifua, kiuno, urefu mpaka chini ya magoti, taratibu, kama anayemsalimia mtu aliyetoka mbali. Tepu ikamtekenya binti, akaangua kicheko. Mama naye akacheka, na ilimchukua muda kutambua kwamba sauti ile ni yake.

Ubavu mmoja ulikuwa umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa pini, na upindo wa bluu unaning'inia nyuma, mlango ulipogongwa.

"Hodi! Shangazi yako nimefika. Toka, teksi inatungoja!"

Mama alikuwa amepiga magoti nyuma ya binti, midomo imebana pini, kama wafanyavyo mafundi wote. Hakuweza kusema baki. Hakuweza hata kusema nenda. Aliutazama mkoba pale mlangoni, akaushika upindo kwa mikono miwili.

Binti naye aliutazama mkoba. Kisha akajitazama kwenye kioo, nusu gauni, nusu pini.

"Shangazi!" akaita. "Njoo kesho!"

"Kesho? Kesho si ndiyo Krismasi yenyewe?"

"Ndiyo! Njoo tule wote hapa."

"Ee Mungu wangu," shangazi akasema, "sasa wamekuwa wawili."

Mama alicheka mpaka pini zote zikamdondoka mdomoni, na jioni hiyo hakuna aliyeziokota.