Mdhamini wa Mwasumini

Enzi zetu, mmea uliokula bure ulishtakiwa. Nyumbani Msambweni, mwasumini wa mama ulikaa ndani ya debe la mafuta ya kupikia, ukatambaa juu ya ua wa makuti mpaka dirishani kwa jirani. Ukipitisha msimu bila maua, mama alitoka na mkasi wake wa kukatia nguo, akausimamia kama kadhi aliyekosa chai.

"Wewe, maji unakunywa, mbolea ya mbuzi unakula, na kunukia hutaki. Leo nakukata."

Hapo mimi, kitinda mimba, nilipaswa kujitokeza. Ndiyo desturi ya nyumba yetu.

"Msamehe, mama. Mimi nitamdhamini. Atachanua."

"Na asipochanua?"

"Kaimati zangu za futari chukua."

Mama aliukata hata hivyo, akaunyima maji mpaka majani yakalegea. "Mmea ni kama mtu," alisema, "akishiba sana husahau kazi." Ukishaadhibika, ndipo alipoumwagia maji ya kuoshea mchele. Matumba yalitoka meupe, tukayachuma jioni kabla hayajafunguka, na mama akayatunga koja. Kaimati zangu nilizila zote. Kwa miaka mingi niliamini kilichofanya kazi ni dhamana yangu. Chuo kikuu walijaribu kunitoa imani hiyo, hawakufaulu sana.

Leo naishi ghorofani Ukunda na mama, ambaye macho yamemwacha ila pua ni nzima. Chipukizi la mwasumini ule ule liko barazani, ndani ya chungu cha duka, na nililinywesha na kulilisha kama mgeni wa hoteli. Likanipa majani. Harusi ya binti yangu Mwanaisha ikakaribia, na mama alikwisha kuapa kwamba koja la mjukuu wake atalitunga kwa mkono wake, kwa asumini hii, si nyingine.

"Si tununue ya plastiki?" akasema Mwanaisha. "Kwenye picha hayajulikani."

"Na puani je?" akauliza nyanya yake.

Nikachukua mkasi. Nikausomea mwasumini mashtaka yote. Mwanaisha akainua simu arekodi. Vijana wa leo hata hukumu ya kifo huitafutia mwanga mzuri.

"Mke mwenzangu, wangoja nini?" mama akamwambia mjukuu wake. "Mwenzio anauawa."

Akacheka, akaishusha simu. "Msamehe, mama. Mimi nitamdhamini."

"Na asipochanua?"

"Nitavaa plastiki, na nyanya anikane."

Nikakata, nikanyima maji. Mara mbili nilimfumania mdhamini akielekea barazani na gilasi, nikamrudisha. Maji ya mchele yalipokuja, matumba yakafuata, na mama akalitunga koja lake kwa kupapasa, bila kukosa ua hata moja.

Sasa Mwanaisha yuko kwa mumewe Mkongani, na mwasumini umerudia uvivu. Juzi nilitoka na mkasi, nikasoma mashtaka, nikangoja. Enzi zetu nyumba haikukosa mtoto wa kujitokeza. Kisha kutoka kitini, yule kadhi wa zamani akakohoa.

"Msamehe, mwanangu. Mimi nitamdhamini."

"Na asipochanua?"

Mama akafikiri kwa ulimi, akilitafuta jino lililobaki.

"Kaimati zangu chukua."