Nilimkalia Mama Yake Siku Sita, Sasa Binti Anataka Nimkalie Yeye

Admin, hapa Songea tunajuana, kwa hiyo jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka sitini na mitatu, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mkatoliki wa kuzaliwa. Jambo hili sijamwambia hata padre kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilihamishiwa Songea kutoka Morogoro. Ni wakati ule maduka yalipoanza kujaa bidhaa, sabuni tukaacha kuipangia foleni, na vitabu vya kila aina vikawa vinaingia kutoka nje. Nilipanga mtaa wa Ruhuwiko, nyumba moja na nesi nitakayemwita Consolata, mzaliwa wa hukuhuku. Alikuwa na binti mdogo wa miaka mitatu, nitamwita Tumaini. Mimi mwaka huohuo nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza. Consolata ndiye aliyenilazimisha kula, ndiye aliyenitoa nje nikaanike nguo juani. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini alikuwa mdogo wangu.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja tuliyemwita Bwana Ardhi, kwa sababu alistaafu idara ya ardhi. Alikuwa mgeni kama mimi, mpole, nadhifu. Kwa posta alikuwa akipokea masomo ya Kiingereza kutoka ng'ambo, halafu Jumamosi mchana anatutafsiria sebuleni kwake. Tulikuwa watu watano. Hapakuwa na hirizi wala kuku wa kuchinja. Alisema hii si dini wala uchawi, ni elimu ya roho ambayo watu wa kawaida wamefichwa. Jumapili tulikwenda misa kama kawaida. Tulifundishwa kuhesabu pumzi, na kukaa kimya mbele ya kioo mpaka sura yako ikupotee.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mwanangu. Nilitaka tu kujua yuko wapi. Siku moja mbele ya kile kioo nilimwona, au nilidhani nimemwona, hadi leo sina hakika. Nililia sana, nikatoka pale mwepesi. Tangu siku hiyo ningemfuata yule mzee popote.

Ndipo akatulisha kiapo, mkono juu ya kitambaa cheupe. Atakayetoa nje yanayofanyika ndani, nuru ya macho yake itaondoka. Niliyarudia maneno yale kama mtoto anayekariri darasani.

Baadaye ikaja hatua ya siku saba. Unakaa kimya chumbani, huli, unakunywa maji tu, ili roho ijifunze kutoka mwilini na kurudi. Consolata alikubali kuwa wa kwanza. Akaomba likizo, akampeleka Tumaini kwa bibi yake kijijini Lusewa. Mimi nikapewa kazi ya kumkalia, yaani kukaa naye chumbani na kumwangalia, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa.

Siku ya nne aliyakataa hata maji. Siku ya tano nilimshika mkono, akanitazama kama mtu anayemtazama mpita njia, akasema taratibu, "Dada, huo mkono ulioushika si wangu."

Nilikimbia kwa Bwana Ardhi nikimwomba tumpeleke hospitali. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Ukimwamsha sasa atabakia hukohuko. Utakuwa umemuua wewe." Nikarudi, nikakaa. Nesi mwenzake alikuja kumjulia hali, akasimama mlangoni. Nilimwambia ana malaria kidogo, kashameza dawa, amelala. Alikuwa nesi, jamani. Angeingia hatua tano tu angemwokoa. Siku ya sita, saa nne asubuhi, Consolata alikata roho mbele yangu.

Msibani nilisema aliugua ghafla. Mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumuuguza mwanawe. Bwana Ardhi alihama mwezi haujaisha, sikumsikia tena.

Tumaini amekua ananiita mamkubwa. Ana watoto wawili sasa. Mwezi uliopita alikuja kwangu, akaniamkia shikamoo, akatoa daftari alilolikuta kwenye sanduku la marehemu bibi yake. Niliujua ule mwandiko wa Consolata kabla sijavaa miwani. Masomo yote yamo. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Akaniambia ameshaanza, kila mchana anakaa mbele ya kioo, na mama yake anamwona. Ameomba likizo afanye siku saba.

"Mama ameandika humu kwamba wewe ndiye utakayemkalia," akasema. "Mamkubwa, na mimi nikalie."

Nikamwambia nitafikiri. Kesho yake nikaanza kumwandikia barua ya kueleza yote. Sikufika ukurasa wa pili. Asubuhi iliyofuata jicho la kushoto lilikuwa na ukungu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, ni umri, ugonjwa ulianza zamani, na kuna upasuaji. Kichwa changu kinamwamini daktari, lakini barua ile niliichoma.

Na si macho tu ninayoyaogopa. Naogopa siku atakayojua kwamba mtu aliyemwita mamkubwa miaka yote ndiye aliyemzuia yule nesi mlangoni. Naogopa pia nimweleze kila kitu, anichukie, halafu ajifungie peke yake.

Leo ni Alhamisi. Tumaini anaanza Jumatatu, na watoto ameshawapeleka kwa baba yao. Asubuhi hii amenitumia ujumbe kwamba kitanda changu ameshakitandika chumbani kwake. Ninyi mnaosoma, niambieni, nikifika mlangoni kwake nianze na neno gani?